Sura ya Tano: Jeneza Lililoteremka Bandarini

Kwa maneno ya Bi Nasma, mambo yalikwenda hivi.

Jumamosi baada ya adhuhuri alikuwa uani kwake anachambua mchicha. Upande wa pili wa ua wa makuti, kwenye banda ambamo jirani yake Yasir Shamte analifufua gari la marehemu baba yake, nyundo ililia mara tatu ikanyamaza. Halafu akamsikia Yasir, na sauti ya Yasir haimpotei, maana amemjua tangu anatambaa: "Kichwa kimepasuka! Ya Rabi, Haruni, kichwa kimepasuka!" Baada ya hapo kimya. Sauti ya Haruni fundi, ambaye kazini haachi kuimba, hakuisikia tena.

Jumapili, watu wametoka kusali alasiri, mlango wa banda ukafunguka, likatoka jeneza. Jeneza lenyewe, la msikitini, limefunikwa blanketi. Yasir kashika mbele, pamoja na wanaume watatu asiowajua. Msiba haukutangazwa. Aliyelia hakuna. Kaburi halikuchimbwa. Na tangu siku ile Haruni hajaonekana.

"Sasa, afande," Bi Nasma alimaliza, akakunja mikono kifuani, "mimi sikusoma. Lakini kujumlisha naweza."

Sajenti Mwanahalima aliandika mpaka nukta ya mwisho, akamsomea, Bi Nasma akaweka dole gumba. Ilikuwa Jumatano, saa tatu asubuhi, kituo cha polisi Kilindoni, kisiwani Mafia.

Kwenye benchi moja na Bi Nasma alikaa Safia, mke wa Haruni. Bangili zake alikuwa amezivua, zimo kwenye mfuko wa plastiki mapajani.

"Nani kakwambia uzivue?" Mwanahalima alimuuliza.

"Wanawake wa mtaani. Wanasema nianze eda, nisichelewe."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema nionyesheni kaburi." Safia aliinua macho. "Nataka jambo moja tu, dada. Nijue mimi ni mke wa mtu au ni mjane. Nikijua, nitakaa ninavyopaswa kukaa. Hivi nilivyo sasa sijui hata nivae nini."

"Mumeo yukoje? Mnene, mwembamba?"

"Mwembamba. Mama yake anamwita ufito. Alipougua malaria walimpima hospitali, kilo hamsini na nne."

Mwanahalima aliiandika hiyo namba, akaizungushia duara. Hakuwa na sababu bado. Namba alizipenda kwa kuwa haziogopi mtu.

Konstebo Tumaini, msaidizi wake, alikuwa ameshafanya kazi yake ya jana. Alipitia daftari la abiria wa boti ya kwenda Nyamisati, bara, kuanzia Ijumaa hadi Jumanne: Haruni hayumo. Simu ya Haruni haipatikani. Yasir alikamatwa Jumanne saa kumi na mbili jioni, akahojiwa saa mbili nzima, na karatasi ya mahojiano ilikuwa na mstari mmoja: *Mtuhumiwa anasema, subirini Alhamisi.*

"Alhamisi kuna nini?" Mwanahalima aliuliza.

"Hataki kusema, afande. Nimemtisha, nimembembeleza, nimempa chai. Chai amekunywa."

"Na ikifika jioni hii?"

"Saa ishirini na nne zinatimia. Tumpeleke mahakamani au tumwachie."

"Chukua kamera. Twende bandani."

*

Gari lilikuwa pikapu ya silinda nane ambayo mzee Shamte aliileta kutoka Maskati mwaka wa themanini na nne. Watu wazima wa Kilindoni bado wanasimulia jinsi ilivyokuwa ikitoka Bweni, mwisho wa kaskazini ya kisiwa, imebeba samaki, ikafika sokoni barafu haijaanza kutoa maji. Kisha mzee akafa, gari likalala miaka ishirini, chumvi ikalila kuanzia chini.

Sasa lilikuwa limevuliwa kila kitu. Chasisi ilikaa juu ya magogo manne ya mnazi, imekwanguliwa kutu mpaka chuma cheupe, imepakwa rangi nyekundu ya awali. Magurudumu ya mbele yalikuwa na breki za diski, za gari la kisasa, maana Yasir hakutaka kulirudisha kama lilivyokuwa tu. Alitaka likimbie kuliko zamani na lisimame pia. Bodi la nyuma lilikuwa jipya, la mbao. Mwanahalima alizaliwa kisiwa cha Jibondo, kwa waunda vyombo vya baharini, na alipopitisha kidole kwenye viungo vya mbao akaikuta pamba imeshindiliwa humo, na vichwa vya misumari vimezamishwa.

"Hili ni mkono wa kwetu," alisema. "Likidumbukia baharini, nyuma itaelea mbele izame."

Tumaini hakucheka. Alikuwa anapiga picha vikopo vya maziwa vilivyopangwa kwenye rafu, kila kimoja na skrubu zake na karatasi yake: *Mlango kushoto. Bampa. Taa. Sijui.* Kopo la *Sijui* ndilo lililojaa kuliko yote.

Chini kwenye mkeka palikuwa na injini, au vipande vyake. Pistoni nane zimepangwa mstari, zina namba za kalamu nyeupe. Fito, vali, springi, bomba. Kando, vyuma viwili vizito vinavyofanana. Mwanahalima alichuchumaa. Kimoja kilikuwa na ufa, mwembamba kama unywele, umetoka tundu moja la boliti mpaka jingine.

"Konstebo, hiki ni nini?"

"Silinda hedi, afande."

"Kwa Kiswahili?"

Tumaini alifungua mdomo, akaufunga, akakitazama tena kile chuma.

"Kichwa," alisema polepole.

"Kichwa. Na kimepasuka. Piga picha."

Hilo moja lilipungua kwenye hesabu ya Bi Nasma, lakini jeneza lilibaki pale pale, na Haruni bado hayupo. Katikati ya banda, sakafuni, palikuwa na alama ya kitu kizito cha pembe nne, mafuta meusi yamenywewa na udongo. Kitu chenyewe hakikuwepo. Mwanahalima alipima alama ile kwa utepe, akaandika.

Tumaini ndiye aliyeuona mlango. Upande wa ndani, kwa chaki, herufi kubwa:

J2 HARUNI GEREZANI

"Afande," alisema, na sauti ilikuwa imempanda. "Sababu hii hapa. Haruni kapiga nyundo vibaya, kapasua kichwa cha injini. Yasir kaapa Jumapili anamfunga. Haruni kabisha. Wameshikana. Jumapili badala ya kwenda gerezani, kaenda kwenye jeneza."

"Umehakikisha gerezani?"

"Ngoja niwapigie magereza." Alipiga pale pale, akasikiliza, akakata. "Hapana, afande. Hawana Haruni."

"Tumaini, umewahi kuishi Dar?"

"Kupita tu, afande. Nilitoka Sumbawanga, nikashuka stendi, nikapanda la Nyamisati. Kwa nini?"

"Nauliza tu. Tusitangulie."

Walipotoka walimkuta Bi Amal, mama yake Yasir, amesimama kwenye kizingiti cha nyumba kubwa, buibui limekunjwa begani. Siku ile ya Jumapili alikuwa Baleni, harusini, na alirudi nyumbani akakuta mwanawe amejifungia.

"Shikamoo, Bi Amal."

"Marahaba, mwanangu. Yasir kala?"

"Kala. Kanywa na chai."

"Kasema?"

"Hajasema. Bi Amal, jeneza la msikiti linakaa wapi?"

"Hapa kwetu, chumba cha nje. Baba yake alilitoa waqfu, na ghala la msikiti linavuja, basi imamu akasema likae hapa. Ufunguo anao Yasir." Alisogea karibu. "Nikwambie kitu, afande, ukiandike usikiandike. Mimi mwanangu nikimshika na kosa hubisha, atabisha mpaka kesho. Akiwa na aibu ndio hufunga mdomo. Huyo mliyenaye kafunga mdomo."

Mwanahalima alikiandika.

*

Mzee Shaibu anauza kahawa kwenye kona ya kwanza ukitoka kwa Shamte. Alimsogezea kikombe kabla hajakaa.

"Jumapili lilipita jeneza hapa, mzee wangu."

"Lilipita."

"Ukafanyaje?"

"Swali gani hilo, wewe si mtoto wa Kiislamu? Niliinuka, nikaingiza bega, nikaenda hatua zangu, nikampisha mwingine achume naye thawabu. Hapa kwangu peke yake walitoka tisa."

"Hukuuliza ni nani?"

"Nitauliza jina huku nimebeba? Nikasema nitauliza makaburini."

"Makaburini ulifika?"

Mzee Shaibu aligeuza birika. "Kahawa ilikuwa motoni."

"Alikuwa mzito?"

"Lo! Nikajisemea, huyu marehemu Mungu alimjaalia kula."

Kando ya meza palikuwa na dumu la maji la lita ishirini, limejaa. Mwanahalima aliinuka, akamwomba mzee aliweke begani kama lile jeneza, mara moja tu. Mzee Shaibu alilipandisha akiguna, akalishusha.

"Lilizidi hili?"

"Lilizidi. Ongeza nusu yake."

"Una hakika?"

"Bega langu hili miaka sitini linabeba. Ongeza nusu yake."

Wa pili alikuwa Taufiki, kijana wa bodaboda, anayeegesha pikipiki njia ya kuteremkia bandarini. Siku ile alikuwa ametoka msikitini, amevaa kanzu. Alikwenda kuichukua nyumbani, akaikunjua juu ya tangi la pikipiki. Begani palikuwa na doa jeusi pana kama kiganja.

"Nimefua mara mbili, afande. Bi mkubwa anasema damu ya maiti haitoki, nikaizike."

Mwanahalima aliinusa. Akampa Tumaini anuse.

"Oili," alisema Tumaini. "Oili chafu ya injini."

"Damu haigandi hivi," Mwanahalima alimwambia Taufiki. "Itoe kwa mafuta ya taa. Sasa niambie: jeneza lilipoacha njia ya makaburini likateremka bandarini, hukushangaa?"

"Nilisema ni mtu wa Jibondo, anarudishwa kwao akazikwe."

"Nani alikwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Lakini kila niliyekuwa nabeba naye akawa ananiambia mimi ni mtu wa Jibondo. Mpaka getini akawa na jina."

"Jina gani?"

"Mwingine alisema Mzee Makame. Mwingine akasema huyo Makame kamwona sokoni Ijumaa, mzima kabisa. Wakasema basi ndiyo dunia."

"Yasir alikuwaje?"

"Mbele kabisa, hageuki. Jasho linamtiririka, na machozi. Nikamhurumia, nikasema huyu ni damu yake. Ila mmoja wa wale wageni, wa nyuma yangu, alikuwa anacheka. Nikamkemea: kaka, msibani unacheka? Akasema samahani, kikohozi."

"Uzito?"

Taufiki alifikiri. Alikuwa mtu wa kupakia mizigo kwenye pikipiki, na alijibu kama mtu anayejua. "Bega langu, kilo thelathini. Isizidi mbili wala isipungue mbili."

*

Chumba cha nje kwa Shamte kilifunguliwa kwa ufunguo wa akiba wa Bi Amal. Jeneza lilikuwa limesuguliwa kwa sabuni na mchanga mpaka mbao zimepauka.

"Kafuta ushahidi," Tumaini alinong'ona.

"Shika upande huo. Inua."

Waliliinua, wakalishusha. Wakaliinua tena. Mwanahalima alikulia kisiwa ambacho maji ya kunywa yalikuja kwa mashua, na watoto wa kike ndio waliokuwa wakiyapandisha kutoka ufukweni. Kilo ishirini aliijua kwa shingo yake.

"Kama dumu moja," alisema.

"Kama dumu moja, afande."

Alikaa kwenye ngazi, akafungua daftari mapajani. "Mabega manne. Mzee Shaibu anasema dumu na nusu kila bega, Taufiki anasema thelathini. Hawakukaa pamoja, na wamekutana. Manne mara thelathini?"

"Mia na ishirini."

"Toa jeneza."

"Mia."

"Haruni?"

Tumaini alitazama namba iliyozungushiwa duara. "Hamsini na nne."

"Kwa hiyo kilichobebwa ni karibu Haruni wawili."

Uso wa konstebo ukabadilika. "Afande... basi kuna maiti wawili?"

Mwanahalima alifunga daftari. "Simama," alisema. "Twende bandarini."

*

Tumaini alikuwa amepitia daftari la abiria. La mizigo halikuwa limeombwa na mtu. Umi, karani wa zamu, alilifungua ukurasa wa Jumapili na kulizungusha liwatazame. Nazi magunia arobaini. Dagaa mabunda sita. Mwani mkavu. Na mstari wa mwisho, umeandikwa kwa haraka, boti ya mizigo ikiwa tayari imewasha:

*Chuma 1 (bloku ya injini). Kilo 101. Msindikizaji 1. Mpokeaji: fundi Iddi, Gerezani, D'Salaam.* Na namba ya simu.

Tumaini alisoma mara mbili. Kidole chake kilisimama kwenye neno moja.

"Gerezani ni mtaa," Mwanahalima alimwambia. "Dar es Salaam, upande wa Kariakoo. Mafundi chuma wamejaa huko. Injini yako ikila silinda, bloku unaipeleka Gerezani ichongwe upya."

"Mtaa unaitwa Gerezani, afande, na watu wanakaa?"

"Wanakaa na wanaoana."

Konstebo alivua kofia, akaivaa tena. "Na mimi nimewapigia magereza."

Mwanahalima alimgeukia karani. "Umi, bloku ilifikaje hapa kwenye mizani?"

"Imefungwa blanketi, wameishika pembe nne. Wale ni mabaharia watatu wa boti yenyewe na mwenye mzigo. Jeneza nililiona nje ya geti, nikajua kuna msiba wa watu wengine, nikawapa pole waliosimama. Wakaitikia."

"Na msindikizaji? Jina?"

"Kwenye mizigo jina hatuandiki. Alikuwa ametangulia, ndiye aliyekuwa anawabembeleza wasing'oe nanga. Mwembamba. Ameshika kamba huku anaimba, nahodha akamwambia ama uimbe ama ushike kamba."

Mwanahalima alipiga ile namba pale pale, amesimama kando ya mizani. Iliita sana. Aliyepokea alikuwa anapiga kelele, na nyuma yake mashine ilikuwa inapiga kelele zaidi.

"Fundi Iddi? ... Polisi, Kilindoni... Polisi! Una mtu kutoka Mafia hapo? ... Na bloku?"

Alisikiliza. Tumaini alimtazama usoni na hakupata kitu.

"Anasema mtu yupo," alisema alipokata. "Yuko chini ya mashine, anashikilia taa. Hawezi kuja simuni mpaka wamalize silinda ya saba. Tupige baada ya nusu saa."

"Alhamdulillahi," alisema Umi, ingawa hakuwa ameambiwa kesi ni ipi.

"Tusitangulie," Mwanahalima alisema. "Mtu yupo. Sijasikia sauti yake, na sauti yake mimi siijui. Yupo anayeijua."

Lakini njiani kupanda kituoni alimwacha Tumaini nyuma hatua kadhaa, na hiyo haikuwa kawaida yake.

*

Yasir Shamte aliletwa kwenye meza. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, kucha zake nyeusi kwa grisi ambayo siku moja ya mahabusu isingeweza kuitoa. Alikaa, akatazama ukuta.

Mwanahalima hakumuuliza kitu. Alisema, "Kilo mia na moja."

Yasir alifumba macho.

"Bloku ya silinda nane," aliendelea, "ilitoka kwako Jumapili baada ya alasiri, ikapita kona kwa mzee Shaibu, ikateremka bandarini juu ya jeneza la waqfu. Nimeshazungumza na Gerezani. Sasa mengine nataka uniambie wewe, maana wewe ukinyamaza yupo mwanamke hapo nje kavua bangili."

Alipoanza, alianza kwa mkokoteni.

"Ekseli ilivunjika kwenye mchanga, afande. Hatujafika hata barabarani. Boti inaondoka na maji, nahodha hangoji mtu. Haruni akakimbia kuwazuia, wale mabaharia akawatuma kwangu wanisaidie. Wanne hatukuwa na pa kushika, chuma kina kona na mafuta. Ufunguo wa chumba cha nje ninao mfukoni." Alimeza mate. "Blanketi lilikuwa kwa ajili ya mchanga. Mchanga ukiingia kwenye silinda umeua kazi. Wallahi, lilikuwa la mchanga tu."

"Nakuamini. Mzee Shaibu akainuka."

"Akainuka. Nikafungua mdomo nimwambie. Akasema *La ilaha illa Llah*, na machozi yanamlengalenga. Nimwambie nini? Mzee, hii ni injini? Nikasema nitamwambia kona ya mbele. Kona ya mbele walikuwa tisa. Mbele yake wakawa ishirini. Wenye maduka wanateremsha milango, afande. Kuna mtu alishuka kwenye baiskeli. Mpaka getini nadhani mji mzima umepita bega."

"Baadaye?"

"Haruni hakuwa amerudi kwake tangu Jumamosi, tulikesha tukiifungua injini, wimbo umemkauka. Alinipa neno moja tu anapanda: nenda kamwambie Safia. Nikarudi na jeneza tupu. Kila mlango wananiuliza, nani? Ni nani? Nikaingia ndani nikafunga. Nikalisugua. Nikasema Alhamisi Haruni atarudi na boti, watu watamwona mzima, yatapita."

"Safia alikuja kwako Jumatatu akagonga."

Yasir alitazama meza. "Nilimsikia."

"Mara ngapi?"

"Sita."

Kalamu ya Mwanahalima ilisimama. "Na jana ulipokamatwa kwa kumuua mumewe, bado ukaona afadhali hivyo?"

"Muuaji ingeonekana si mimi," Yasir alisema. "Lakini mtu aliyewabebesha Waislamu injini kwa jeneza alilotoa baba yake, afande, huyo ni mimi kweli. Hilo halifutiki na shahidi."

Mwanahalima aliandika yote, akamgeuzia karatasi asaini. Kwenye sheria aliyoijua yeye hakukuwa na kifungu cha kubebesha watu injini. Hayo yalikuwa ya imamu na Bi Amal, na kwa kuangalia uso wa Yasir, Bi Amal ndiye aliyeogopwa zaidi.

*

Saa tisa na dakika tano alimwita Safia ndani, na Bi Nasma akaingia bila kuitwa. Aliweka simu katikati ya meza, akaiwasha spika. Iliita mara tatu.

"Haloo?"

Safia alishika ukingo wa meza.

"Jina lako?" Mwanahalima aliuliza.

"Haruni Abubakari. Nani mwenzangu?"

"Sajenti Mwanahalima, polisi Kilindoni. Mama yako anakuitaje kwa utani?"

"Polisi? Yasir kafanya nini?"

"Jibu swali."

"Ufito. Ananiita ufito. Kuna nini, afande?"

Mwanahalima alimtazama Safia. Safia alitikisa kichwa kuitikia, mara moja, halafu mara nyingi.

"Simu yako mbona haipatikani?"

"Ilidumbukia maji nikiruka botini. Lakini nyumbani hawana wasiwasi, Yasir alikwenda kuwaambia. Mwambie Yasir silinda zote nane zimekubali, hakuna hata moja iliyokataa, na kichwa kingine tumekipata hapa hapa, mzima. Kesho nateremka na vyote."

Bi Nasma alisogeza kiti. "Kwa hiyo kilichopasuka ni kichwa cha gari?"

"Cha gari, mama," alisema Tumaini.

"Na nyie magari yenu yana vichwa tangu lini?" Alijifunika mtandio vizuri. "Mimi nilisikia kichwa, nikasema kichwa. Uongo sikusema." Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea ukuta, na Tumaini, aliyekuwa amejizuia tangu bandarini, akatoka nje haraka akisingizia funguo za mahabusu. Kule nyuma mlango wa chuma ulisikika ukifunguliwa.

Mwanahalima aliandika muda: saa tisa na dakika kumi. Akaandika, *yu hai*. Akapiga mstari chini yake, ingawa fomu haikuhitaji mstari. Kisha akazima spika na kumsogezea Safia simu.

Safia aliichukua kwa mikono miwili. Akaiweka sikioni, chini ya mtandio, akasogea nayo mpaka dirishani na kuwapa mgongo. Hata bila spika ile sauti ilisikika chumba kizima, maana Haruni bado alikuwa anazungumza kama mtu aliye kando ya mashine.

"Haloo? ... Afande? ... Nani kashika? Safia? Ni wewe, Safia?"

Safia aliegemeza paji la uso kwenye nondo za dirisha. Mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka. Bi Nasma aliacha kucheka, akanyoosha mkono amguse, akaurudisha.

"Safia, mbona kimya? Yasir si alikuja kukwambia? ... Nakusikia unavyohema, mke wangu. Sema basi. Sema hata neno moja, nijue upo."